Bomba la Harufu

Jumamosi, tarehe 4 Februari 2006

Naandika kwa kalamu ya binti yangu Jacqueline, ya rangi ya waridi. Yangu nimeivunja mezani. Hasira.

Kisa ni Festus. Siku ya Krismasi, baada ya ibada ya Kiswahili kule Langley Park, nilipeleka sufuria zima la mchicha. Watu wanakula, wanasifu. Festus akaonja kijiko kimoja, akafumba macho kama mganga anayepiga ramli, akatangaza mbele ya ukumbi kwamba huu si mchicha, ni spinachi ya dukani. Ukumbi ukaangua kicheko. Mchungaji naye akacheka! Kisha kamati ikampa Festus kazi ya mboga siku ya kumpokea askofu, tarehe 26 mwezi huu. Festus na mchicha wake wa kiangazi, uliolala kwenye friza tangu Agosti!

Ni kweli ilikuwa spinachi. Yeye hilo lilimhusu nini?

Basi tangu wiki ya kwanza ya Januari nimepanda mchicha wangu mwenyewe. Kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, hapahapa Germantown, huku ughaibuni, katikati ya baridi. Mabeseni ishirini, taa kali, samadi ya kuku niliyoifuata kwa mfugaji. Umeota! Majani mapana kama viganja. Tarehe 26 nitaingia ukumbini na mchicha mbichi, nimtazame Festus usoni.

Tatizo ni samadi. Inanuka. Kuta zinatoka jasho. Na chumba cha pili huko chini analala mama mkwe wangu, Mama Euphrasia, aliyetoka Tukuyu mwezi wa Novemba. Hapendi kula. Anakisukuma chakula pembeni ya sahani, anasema ameshiba. Anakonda. Nilidhani mchicha huu ungemrudishia hamu ya kula, nami nipate jina zuri ukweni. Shukrani yangu? Leo Bupe, mke wangu, kaniambia ama harufu itoke ama mchicha utoke, na nikichelewa nitatoka pamoja nao.

Sawa. Nimesoma kwenye intaneti. Hewa chafu inavutwa na feni, inapita kwenye bomba, inakwenda nje. Mtoto wa darasa la tatu angeweza.

Jumapili, tarehe 5 Februari

Sikwenda kanisani. Sitaki kumwona Festus.

Chama cha wenye nyumba hakiruhusu kutoboa ukuta wa nje. Chama hiki hakiruhusu hata kupumua! Lakini nina akili. Mashine ya kukaushia nguo tayari ina bomba lake linalotoka nje. Nimelikata katikati, nimeliunganisha na feni yangu, nimezungusha tepu mara kumi. Kufikia saa tisa alasiri harufu imepungua. Nimejiita injinia, kwa sauti.

Jumanne, tarehe 7 Februari

Siku mbaya.

Kumbe mashine ikizimwa, feni yangu haipulizi hewa nje tu. Inaipuliza na ndani ya mashine. Sare nyeupe za Bupe zililala humo tangu jana, zikilishwa samadi. Asubuhi kazivaa, kaenda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mzee wa miaka tisini akainua kichwa kitandani na kuuliza kuku yuko wapi. Wakamtafuta kuku jengo zima. Bupe amerudi na midomo imekaza. Hakupiga kelele. Angalau angepiga kelele!

Nikaenda kwenye duka linalouza vifaa vya kilimo cha ndani. Muuzaji mwenye ndevu akanionyesha chujio, pipa la chuma lenye mkaa tumboni. Hewa ikipita humo, mkaa unaimeza harufu. Akauliza napanda nini. Nikasema mboga ya kwetu. Akanikonyeza. Nikasema tena, kwa nguvu, mboga, ya kula na ugali. Akasema ndiyo, ndiyo, wateja wake wote wanapanda mboga. Akakonyeza jicho la pili!

Mimi, Zefania, mtoto wa katekista, nadhaniwa mkulima wa bangi! Nikatoka bila kununua kitu. Mlango nikaubamiza. Ni mlango wa kujifunga polepole, haukubamizika.

Alhamisi, tarehe 9 Februari

Badawi, Mzanzibari ninayelinda naye magari kwenye maegesho ya mtaa wa Shaw, aliniambia mkaa ni mkaa tu, ya nini kununua pipa. Bibi yake alikuwa akitia kipande mtungini na maji yakawa matamu. Nikamwamini. Kosa lake.

Nilinunua mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama. Nikauponda, nikaujaza kwenye soksi ndefu za Bupe, nikazipanga ndani ya ndoo yenye matundu, nikaifunga ndoo kwenye feni. Nikawasha.

Mambo mawili. Kwanza, mkaa wa nchi hii unauzwa umekwisha kulowekwa mafuta ya kuwashia. Imeandikwa kwenye mfuko, lakini nani anasoma mfuko wa mkaa? Pili, feni nilikuwa nimeigeuza. Haikuvuta. Ilipuliza.

Wingu jeusi likatambaa korido nzima. Mama Euphrasia akatokea humo, mweusi tangu kilemba hadi ndala, ananuka petroli.

“Baba,” akaniuliza taratibu, “kuna vita?”

Nikamjibu ni majaribio tu, mama. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akapita mbele yangu, akaingia kwenye chumba changu cha mchicha na kufunga mlango. Anatafuta nini humo? Sikuuliza. Nilikuwa nahesabu pumzi nisije nikaipiga teke ile feni.

Nikaipiga teke. Kidole kimevimba.

Ijumaa, tarehe 10 Februari

Feni imegeuzwa. Mkaa nimebadilisha, wa matangi ya samaki, hauna mafuta. Bomba jipya linatokea kidirishani. Ndani harufu imekwisha kabisa!

Saa kumi na moja jioni mlango ukagongwa kama vile nyumba inaungua. Waringa, jirani yetu Mkenya. Bomba limeelekea dirisha la jikoni kwake.

“Aki Zefania! Nyumba yangu inanuka kuku. Na mimi sina kuku! Ni nini mnafanya huko chini?”

Nikasema labda watu wanarutubisha bustani zao. Akanikumbusha kuwa ni Februari na ardhi imeganda. Akasema Jumatatu anaandikia chama barua. Kumbe mkaa wangu ni kidogo, unashiba upesi.

Sawa. Mnataka vita? Nimeongeza feni ya pili, bomba nimelielekeza juu, mbali na Waringa. Na ili harufu isitambae popote, nimeziba kila upenyo huko chini: mlango, madirisha, hata mahali panapopita nyaya. Sisimizi hapiti. Feni mbili zinanguruma kama ndege. Bupe ameuliza hewa safi itaingilia wapi. Nimemwambia aniachie mambo ya ufundi.

Jumapili, tarehe 12 Februari

Nitaandika kwa kifupi.

Theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi imefika magotini, magari yamekuwa vilima. Ibada imeahirishwa. Nyumba hainuki! Hadi saa nne nilikuwa mtu mwenye furaha.

Saa nne king'ora cha huko chini kikaanza kulia. Nikajua kimechanganywa na samadi. Nikapanda kiti, nikakifunga taulo. Kikaendelea. Nikakitoa betri. Jacqueline, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hutujibu kwa Kiingereza tu, alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akaniambia kile si king'ora cha harufu, ni cha hewa ya sumu isiyo na harufu. Nikamwambia asinifundishe nyumba yangu. Alikuwa tayari yuko kwenye simu na zimamoto.

Ndipo nikamsikia Bupe akipiga yowe.

Mama Euphrasia alikuwa chumbani mwa mchicha. Amekaa juu ya ndoo, kichwa ameegemeza ukutani. Bupe anamwita, anajibu mambo yasiyoeleweka, anamtaja marehemu baba.

Hapo hasira ilinitoka yote. Mkwe hambebi mama mkwe wake, mila haziruhusu. Nilimbeba. Ngazi kumi na nne, na ndala miguuni, hadi nje kwenye theluji. Alikuwa mwepesi mno. Hilo ndilo lililonitisha.

Waringa akatoka mbio na blanketi na viatu vyake mwenyewe, akamvalisha mama, akamsugua mikono, anaomba kwa Kikuyu. Hakunitazama.

Zimamoto walifika wakichimba njia kwa sepetu. Mkubwa wao akapima hewa, akafungua kila dirisha na kila mlango. Akanieleza polepole kama mtu anayezungumza na mbuzi. Feni mbili zinavuta, nami nimeziba kila mahali, kwa hiyo zikavuta palipobaki: bomba la moshi la tangi linalochemsha maji kwa gesi. Moshi badala ya kupanda ukarudi ndani. Robo tatu ya saa nyingine, akasema, na hakumalizia.

Kisha akauliza nani amekifunga king'ora taulo. Wote wakanigeukia.

Kisha akaona mwanga wa taa zangu, akawaita polisi.

Jumanne, tarehe 14 Februari

Mama mzima. Walimpa oksijeni, wakamlaza, kesho anatoka. Mungu mkubwa.

Sasa naweza kukasirika tena.

Polisi walikuwa wawili. Mmoja akachuma jani, akalifikicha, akalinusa, akamtazama mwenzake. Akauliza ni nini. Nikasema mchicha. Akaomba nimtajie herufi moja moja. Nikamtajia. Akaiandika kwenye taarifa yake, na sasa serikali ina karatasi yenye neno mchicha na jina langu. Wakaniambia nizime feni na nimwite fundi mwenye leseni. Wakaondoka wanacheka. Niliwasikia hadi kwenye gari!

Na madirisha yalikaa wazi saa tatu. Mabeseni ishirini yote yameungua kwa baridi. Majani yamelala meusi, laini kama matambara. Kazi ya wiki tano!

Hospitali ndiyo iliyonimaliza. Bupe alimuuliza mama alikuwa akifanya nini mle chumbani. Mama akasema hukaa mle kila siku tukienda kazini. Kuna joto, akasema. Na kunanuka kama banda lake la kuku kule Tukuyu, akifumba macho anasikia hata mvua. Huchuma majani machache, hukatia kitunguu, hula na kiporo cha ugali.

Ndiyo maana safu ya nyuma ilikuwa na vipara! Mimi nimelaumu konokono mwezi mzima!

“Nilitaka kukushukuru, mkwe wangu,” akasema, “lakini kila nikikuona unapigana na feni.”

Nilikwenda kusimama koridoni. Sijui nilikuwa na hasira na nani. Bupe akanifuata, akanishika bega.

Halafu Festus akatokea! Na sufuria! Kasikia habari kwa Waringa, kaendesha gari kwenye theluji kutoka Langley Park kumletea mama mchicha wake wa friza. Mama akala hadi akaramba kijiko. Uliobaki chini ya sufuria nikauonja, kwa ajili ya ukweli tu. Si mbaya. Naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nilimshukuru. Meno nimeyabana mpaka yakauma.

Jumapili, tarehe 26 Februari

Askofu kaja, kala mchicha wa Festus, kaongeza. Kausifu madhabahuni! Ukumbi mzima sasa unaniita Mzee wa Mmea. Mchungaji ndiye aliyeanza.

Chama kimeleta barua kurasa tatu. Fundi mwenye leseni kaja, katazama kazi yangu, kaomba ruhusa aipige picha. Bupe naye ametoa sheria yake, na ameibandika kwenye friji: HAKUNA MMEA UTAKAOOTA NDANI YA NYUMBA HII. Nimetia sahihi. Mimi ni mtu wa kutii sheria.

Lakini Jumatano, Jacqueline akiwa anafanya kazi yake ya baiolojia mezani, alisema kitu kwa Kiingereza. Nikamwomba arudie. Alisema uyoga si mmea.

Si mmea! Kitabu cha shule ndicho kinachosema, si mimi.

Mama Euphrasia alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba uyoga wa kwetu hupenda mahali penye giza na uvuguvugu, na kwamba hajauonja miaka mingi.

Basi tangu Alhamisi marobota mawili ya nyasi kavu yamelowekwa, yamefungwa kwenye mifuko, yako ndani ya kabati chini ya ngazi. Mbegu nimezitia mwenyewe. Pasaka Festus atakula uyoga wangu mbele ya watu wote, na atasema asante.

Nyasi zimeanza kuvunda kidogo. Kidogo tu. Bupe ana mafua, hasikii kitu. Nyuma ya kabati ni ukuta tunaochangia na Waringa, na upande wake kuna nafasi kubwa tu ya kutolea harufu, haina kazi yoyote.

Kesho natoboa.