Masharubu ya Kwenda Harusini

Jumatatu, 3 Machi

Nimesema nitasafiri, na nitasafiri! Binti yangu wa pekee anaolewa ng'ambo tarehe ishirini na mbili, na tangu ana meno ya utoto nilimwahidi kwamba nitamkabidhi kwa mumewe kwa mkono wangu mwenyewe. Alhamisi mimi na mke wangu tuna mahojiano ya viza ubalozini.

Wameomba vitu, loo! Picha za duka langu la kunyolea. Cheti cha ndoa. Barua ya benki. Barua ya mwenye nyumba. Wamebakiza kuniomba meno tu. Shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, yeye haombwi kitu. Alihamia huko zamani, wakampa pasi yao ya kusafiria, na sasa amekuja likizo kwetu. Analala kwenye kochi langu. Pasi kaiweka mfuko wa shati, inachungulia makusudi. Anasema akifika uwanja wa ndege anapunga mkono tu, anapita. Na mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Pasi yangu ina kosa gani? Ina jalada, ina picha, ina muhuri. Kosa lake ni kwamba nchi yetu ni ndogo. Kwani udogo ni jinai?

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Nilitaka kupunguza masharubu kidogo, nionekane baba wa bibi harusi. Kuna kinyozi mtaa wa pili, lakini yule hata kondoo simkabidhi. Nikajinyoa mwenyewe kwenye kioo. Nikapunguza kushoto, kulia kukaonekana kunene. Nikapunguza kulia, kushoto kukazidi. Nikasawazisha. Nikasawazisha tena. Nilipoinua wembe hapakuwa na kitu cha kusawazisha.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema si kitu, niwaambie tu kwamba nimenyoa. Shemeji hakucheka. Akaifungua pasi yangu, akaitazama picha yenye masharubu kama ufagio, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Akasema mashine zao siku hizi zinahesabu mpaka nywele, na mtu asiyefanana na picha yake anafungiwa mlango milele. Milele!

Jumatano, 5 Machi

Ufumbuzi umepatikana, tena sakafuni kwangu. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, kaja kunyolewa. Nywele zake ni zangu tupu: nyeusi, mvi za hapa na pale. Nilimnyoa kwa upole ambao hajawahi kuuona dukani mwangu, akaondoka ananishuku. Nikafunga mlango. Nikafagia, nikachambua, nikazipanga kwenye kitambaa chembamba. Fundi viatu wa jirani alinipa gundi yake, lakini ile inanuka mpaka macho yanawasha. Nimetumia gundi ya karatasi. Haina harufu.

Kujitazama kiooni, kidogo nijiamkie shikamoo!

Mke wangu kasema nisimtie aibu. Wakati wa chai upande wa kulia wa masharubu ulizama kikombeni. Ni mvuke tu ule. Ubalozini hawagawi chai.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa hasira.

Kwanza foleni. Nje, juani, tumebanana na ukuta kama tumeiba. Jasho linanitiririka, nami nimekaza mdomo nisipoteze mali. Ndani wana ramani ya dunia, ukuta mzima. Nikaitafuta nchi yetu. Haipo! Ramani imepigiliwa misumari, na mmoja umeingia pale pale tulipo. Nikamwita mlinzi, nikamwonyesha. Akasema nirudi kwenye foleni. Watu wazima na akili zao wametupigilia msumari, halafu wananiuliza mimi nimetoka wapi!

Mke wangu akaitwa kwanza. Maswali mawili matatu, akapewa viza. Nikajua njia nyeupe.

Mama wa dirishani alivaa miwani na alikuwa na sauti ya upole. Akauliza nikisafiri duka litabaki na nani. Nikamwambia wateja watangoja, maana kwingine wataharibiwa vichwa. Akacheka. Akaitazama picha, akanitazama, akaendelea kuandika. Imepita! Kisha akauliza tu, bibi harusi ni nani yangu.

Nilitaka kujibu kiume. Nikasema ni binti yangu, sina mwingine. Hapo hapo nikamwona yupo kwenye kiti changu cha kunyolea, miguu haifiki chini, ananiuliza kama siku ya harusi yake nitamshika mkono kweli au natania. Machozi yakanitoka. Ya kweli, wallahi! Nikatoa leso, nikajifuta uso. Leso ikarudi na masharubu.

Yule mama akauliza zile nywele ni za nani. Nikaona ukweli ndio utakaoniokoa. Nikasema ni za mwalimu.

Nimenyimwa. Eti utambulisho wangu una shaka. Mimi! Mtaa mzima hakuna asiyenijua!

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu alirudi dirishani jana kuniombea, na leo ndipo kaniambia alichojibiwa. Wanaume wanaonyoa masharubu wanapita pale kila siku. Ningekwenda na mdomo mtupu ningepewa.

Shemeji kakiri kwamba habari ya mashine ilikuwa utani. Eti ni mashemeji, wanataniana. Nilitaka kumtupa nje pamoja na kochi. Nikamwambia mwenye pasi kama yake asimtanie mwenye pasi kama yangu, maana yeye akikosea anacheka, mimi nikikosea nafungiwa dunia. Akaitoa ile pasi mfuko wa shati, akaitia ndani kabisa ya begi. Sikumshukuru.

Jumamosi, 22 Machi

Mke wangu na shemeji walisafiri, mimi nimeiona harusi kwenye simu. Nilivaa suti, peke yangu dukani, simu nimeiegemeza kwenye kioo. Shemeji ndiye aliyemshika mkono mwanangu. Walipofika mbele niliona kiti kitupu, na juu yake picha yangu, ile ya masharubu. Binti akageukia simu akasema, baba, uje tu mwaka huu, kiti chako nakiweka hivyo hivyo. Nililia kama mtoto. Safari hii hapakuwa na cha kubanduka.

Jumapili, 23 Machi

Mke wangu kapiga simu kutoka huko. Kasema niombe viza upya, niende nilivyo, niseme ukweli, basi. Nimemjibu sawa.

Lakini nimejitazama kiooni vizuri. Masharubu yanaota, nayo kwa huzuni hii yanaota meupe yote! Kwenye picha ni meusi yenye mvi. Sasa watu hao watanielewaje? Na mwanangu ameniwekea kiti!

Nimemkumbuka yule mama wa dirishani. Alishanipitisha! Alikuwa anaandika! Nywele hazikuwa na tatizo hata kidogo. Tatizo lilikuwa gundi.

Mwalimu nimeshamwambia asikubali kunyolewa kwingine. Na kesho asubuhi naenda kwa fundi viatu.