Tuachieni Mgeni Mmoja

Avenyu Mikuyu, Katuba, Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuomba Mashindano ya Kandanda ya Mataifa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ninakuandikia kwa heshima na kalamu ya kuazima, mimi Paulin Mukuka, mchoraji wa vibao, niliyepewa na kamati yako kazi ya kuhamasisha avenyu yetu iunge mkono mashindano. Kazi niliifanya. Nimekusanya sahihi mia sita na kumi na mbili, zikiwemo za mashabiki wa timu mbili za mji huu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa ya mazishi. Lile neno KARIBUNI ukutani, lenye urefu wa mita arobaini, ni mkono wangu. Kwa hiyo anayelalamika hapa si adui wa kandanda. Ni mtu aliyeonja wageni akanogewa.

Malalamiko na maombi yangu ni haya:

1. Wageni walikaa muda mfupi mno. Wakaguzi watano wa mashindano waliteremka uwanja wa ndege wa Luano siku ya Jumatano, wakapita kwetu kwenda kuona uwanja wa mpira. Nilihesabu dakika nne, vioo vya magari vimefungwa vyote isipokuwa kimoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelificha. Wangekaa hata miaka saba, hakuna ambaye angewauliza watalima lini.

2. Maji. Wiki moja kabla ya wakaguzi, vijana wa kazi walikuja wakafukia mashimo, wakafunga robine, yaani koki ya maji, mpya inayong'aa pembeni mwa nyumba yangu, na Jumanne maji yakatoka. Mheshimiwa, avenyu Mikuyu haikuwa imeona maji ya bomba kwa miaka tisa. Mke wangu Julienne huteka kisimani kule chini mara tatu kila asubuhi, na bega lake moja limeshaharibika kwa kubeba bidoni, yale madumu ya maji. Siku hiyo alileta kigoda akakaa karibu na robine. Hakuteka. Alikaa tu akiyasikiliza maji. Nilifurahi sana, kisha nikaona aibu, maana miaka yote hiyo sikujua kwamba amechoka kiasi kile.

Alhamisi maji yakakatika. Ijumaa wakaja watu wawili na spana, wakaing'oa robine yenyewe. Nilipouliza, mmoja akanijibu kwa adabu zote: « Papa, mutusamehe. Bageni bako nakuya lundi ku Ruashi, ile robine njo inaenda kule. » Yaani Jumatatu wageni walikuwa wanakwenda Ruashi, mtaa mwingine wa mji. Ndivyo nilivyojifunza kwamba kamati ina robine moja, nayo husafiri na wageni.

3. Kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, naomba mashindano yaje, ila yasiwe na fainali. Fainali ndiyo inayowarudisha watu makwao. Timu zote zitoke sare, na waamuzi waelezwe hivyo mapema. Dakika za nyongeza ziendelee mpaka mabomba yatakapozeeka ardhini yakawa yetu kwa mazoea. Wachezaji walale majumbani mwetu. Mimi nimejiandikisha kumpokea golikipa, kwa sababu atalifikia bati langu linalovuja bila ngazi. Bukari, ugali wetu, ipo, samaki wakavu wapo.

4. Ikiwa mashindano mazima ni mengi, basi tuachieni mgeni mmoja. Yule mkaguzi aliyeshusha kioo akaipungia robine mkono anatutosha. Hatafanya kazi yoyote. Atakaa kitini pale pembeni, kitambulisho kifuani, maji yatoke. Tutamwoza, tutampa kiwanja, na akifa tutamfanyia kilio cha siku zote zinazostahili, ingawa tutamwomba asifanye haraka.

Usidhani haya ni maneno ya mdomoni, tumeshajaribu. Wiki jana tulimvalisha jirani yetu Caleb suti ya kwaya, tukamtundika kitambulisho cha semina ya kanisa, tukampa faili na kumkataza asiseme neno. Haikuisha saa nzima, akafika mbio bwana mmoja wa ofisi fulani, nyuma yake watu wenye fagio na majembe, akamwuliza kwa Kifaransa kama nguvu ya maji inamridhisha. Caleb akatikisa kichwa kwa huzuni, vizuri kabisa. Wakaanza kuchimba! Ndipo shangazi yake, mama Mwenya, akapita na bidoni kichwani: « Weye Caleb, uko unaikala mu kiti ya nani? Na ile suti ni ya nani? » Wakakusanya majembe yao wakaenda zao wamenuna.

5. Shimo walilotuachia wachimbaji hao. Mbuzi wa jirani ameshatumbukia mara mbili.

Nikitumaini utanijibu kabla mvua haijalijaza shimo hilo kwa niaba yako, nawasalimu wajumbe wote wa kamati, madereva wa magari yale ya vioo, na mama yako mzazi kama yu hai. Na ukiiona robine yetu huko Ruashi, iambie sisi wa avenyu Mikuyu hatujambo.

Wako mtiifu,
Paulin Mukuka, mchoraji

N.B. Nilimpa Julienne barua hii aisome, kwa kuwa yeye amesoma kunizidi. Kwenye habari ya Caleb alicheka mpaka machozi. Alipofika mwisho akaniomba ufunguo wa kabati. Humo mna bilauri sita zenye ukingo wa dhahabu, zawadi ya ndoa yetu. Miaka ishirini na sita nimezifungia. Watoto wetu wamekulia kwenye vikopo vya majarini, na kila aliyezigusa nilimwambia ni za wageni. Aliyewahi kunywea ni mchungaji peke yake, naye hakumaliza. Julienne akatoa moja, akaipangusa vumbi, akaijaza maji ya kisimani na kuniwekea mbele. « Kunywa, » akasema. « Tunangojea mugeni gani tena? »

Nimekunywa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, futa nambari moja hadi tano. Zile sahihi sikuletei tena, wenye sahihi watakuja wenyewe. Jumatatu asubuhi tutafika ofisini kwako, watu mia sita na kumi na mbili, kila mtu na bidoni yake, Julienne akiwa mbele. Kama robine bado iko Ruashi, ifuateni mapema. Mna wageni.