Mvuke wa Maandazi ya Bibi Zulma na Mimea Sita ya Babu

Rivera,
Agosti 19.

Ndugu Mhariri,
Jarida la Wakulima wa Chumbani,
Montevideo.

YAH: OMBI LA KUCHAPISHA UONGO MDOGO KWA FAIDA YA FAMILIA

Habari za huko mji mkuu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa nyumba yetu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Naomba radhi kwa kuandika badala ya kupiga simu. Simu hunitoa jasho, na jasho, kama utakavyoona, kwetu ni kosa.

Babu yangu, mzee Waldemar Techera, ni msomaji wako mwaminifu. Amejiandikisha serikalini kama sheria inavyotaka, ana mimea yake sita ya bangi, wala hana wa saba, na huvuta kidogo jioni kwa ajili ya nyonga yake. Kwa hilo sina neno. Mimea hiyo inakaa katika chumba ambacho zamani Bibi Zulma alikuwa akishonea, chini ya taa, pamoja na hita, feni mbili, mashine ya kukausha hewa, na kipimo chenye namba mbili: ya juu joto, ya chini unyevu. Babu anataka ya juu isome ishirini na nne na ya chini arobaini na tano. Mhariri, Rivera ya mwezi wa Agosti haijui arobaini na tano. Kuta zetu zinatoka maji. Chumvi haitoki kwenye kichupa mpaka uichokoe na kijiti.

Kwa hiyo Babu hana raha. Akiwasha hita, unyevu unashuka, lakini joto linapanda hadi ishirini na tisa na majani yanajikunja. Akifungua dirisha, joto linashuka na ukungu wa mtaa mzima unaingia. Akilifunga na kuwasha mashine ya kukausha, mashine yenyewe inatoa joto, tunarudi tulikotoka. Taa zikizimwa hewa inapoa, na yale maji yaliyobebwa na hewa ya joto yanatua juu ya maua, na ua zito likilala na maji huota kuvu kutoka ndani, usione mpaka limekwisha. Mshika mawili moja humponyoka, na Babu ameshika mawili tangu Mei. Namhurumia. Lakini malalamiko yangu ni haya:

1. Birika haliruhusiwi kuchemka ndani ya nyumba. Wewe ni Mruguai, unajua mtu wa kwetu bila kibuyu chake cha chai chungu ni nini. Babu mwenyewe anachemshia maji uani kwa kuni, amevaa koti na kofia, halafu anarudi ndani na themosi kwapani kama mtu aliyeiba kuku.

2. Nguo hazianikwi ndani. Nje kunanyesha. Kwa hiyo hazianikwi. Wiki iliyopita nilikwenda shule na sweta ambalo, nilipokaa karibu na hita ya darasa, lilianza kufuka. Mwalimu wa hesabu aliniuliza mbele ya watu wote kama naungua. Nilisema ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

3. Katika toleo lako la Aprili, msomaji mmoja alikuuliza kama maongezi ya watu nyumbani huongeza unyevu. Ulijibu hivi: "Ndiyo, mtu anapoongea hutoa mvuke, lakini ni kidogo mno, msijisumbue." Babu alichukua mkasi, akakata baada ya neno "mvuke", akakibandika kipande hicho mlangoni. Tangu hapo hatuongei kwenye ukumbi. Wageni wanasalimiwa barabarani.

4. Babu ameipa mimea majina ya wanawake wa ukoo. Wa sita, mfupi, unaoinamia kushoto, ni Zulma. Siku moja Bibi akiwa jikoni alisikia, "Zulma, kipenzi changu, leo umekauka vizuri." Bibi akaitika, "Nimekauka mimi?" Babu akajibu kutoka chumbani, kwa heshima zote, "Si wewe, mke wangu. Wewe una unyevu."

Hilo Bibi alilimeza. La tano hakulimeza.

5. Mvua ilinyesha Jumamosi ya tarehe nane. Mvua ikinyesha, kila nyumba ya nchi hii inakaanga maandazi bapa ya mafuta ya ng'ombe, yale yenye tundu katikati. Bibi alikuwa ameshakanda unga. Babu akaja jikoni na kipimo mkononi, kinasoma hamsini na nane, akazima jiko. Bibi akamwambia, "Waldemar, miaka arobaini na mmoja mvua ikinyesha nakaanga. Mvua haijawahi kuniuliza asilimia." Babu akasema, "Wiki mbili tu, Zulma. Maua yako wiki ya saba." Bibi akafunika unga kwa kitambaa, akachukua kikaango. "Haya. Basi hayo maua yako yakukande nyonga."

Alivuka barabara akaenda kwa dada yake, Iracema. Ni hatua mia mbili, Mhariri, ila barabara hiyo ndiyo mpaka, na huko ni Brazil. Babu hawezi kumfuata. Hawezi kukiacha kipimo zaidi ya dakika ishirini, na hawezi kuichukua mimea, maana upande huu ni halali, na upande ule jani moja tu mfukoni ni kesi. Leo ni siku ya kumi na moja. Babu anakula biskuti. Jioni anasimama kibarazani akitazama moshi wa jiko la Iracema, halafu anakimbia ndani kusoma namba.

Kwa sababu hizo naomba, katika toleo la Septemba, uchapishe kwamba maua ya bangi yakifika wiki ya saba huhitaji mvuke wa maandazi, mara moja kwa kila mvua. Babu haamini daktari wala padri, ila anakuamini wewe. Kama dhamiri yako itakusumbua, andika, "Ndiyo, maandazi yanafaa, lakini si kwa mimea." Mkasi utamaliza kazi.

Sasa ninalopaswa kuungama. Yule msomaji wa Aprili ni mimi. Kila Jumapili mezani watu huniuliza, "Nahir, mbona umekaa kama mgeni? Sema neno basi." Nasoma shule ya lugha mbili, na katika zote mbili sina la kusema mbele ya watu. Nilitaka sayansi initetee. Ikanitetea kupita kiasi. Babu alitangaza kwamba nina pumzi kavu, akanipa ufunguo wa chumba, mimi peke yangu. Kwa mara ya kwanza nilisifiwa kwa kunyamaza. Siku Bibi alipoondoka na kikaango nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kumwambia asiende. Nilitazama kipimo.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa anayechora ile michoro ya feni, mwambie mishale yake inaeleweka. Na wa nyumbani kwako pia, wanaoruhusiwa kuongea.

Wako mtiifu, mwenye pumzi kavu,
Nahir Techera

Tanbihi: Tafadhali usichapishe lolote. Nilipokuwa nikienda posta mvua ilinikuta, bahasha ikalowa, nikaona ni heri barua isomwe kabla wino haujatoka. Nilivuka barabara nikamsomea Bibi kwa sauti, yote, hata la nne. Alicheka mpaka Iracema akamletea maji. Kisha akasema, "Twende nikamwone huyo Zulma mwingine." Alikaa chumbani kwenye kiti chake cha kushonea. Babu akamwekea blanketi miguuni, hakutazama namba. Ile hewa ya joto, kavu, ilimtuliza Bibi magoti ambayo yalikuwa hayajatulia tangu Aprili. Leo ni siku ya nne, na hatoki. Birika limepigwa marufuku upya, na yeye ndiye aliyelipiga. Jana nilimsalimia akanionyesha kipimo: "Hamsini na mbili, mwanangu. Kasemee nje."

Mvua ikinyesha tunafunga mlango, tunavuka watatu chini ya mwavuli mmoja hadi kwa Iracema, ambako bangi ni kosa lakini mvuke ni halali. Tunakaanga dakika ishirini. Huko naruhusiwa kuongea. Nimeanza kidogo kidogo.