Mwenye Bucha Ameacha Nyama

Habari iliyotugombanisha Alhamisi hiyo ilitoka kwenye gazeti kuukuu la kufungia nyama. Daktari mmoja wa Ulaya alisema wanaokula mboga tupu huishi miaka mingi. Phares, mwenye bucha hapa kwetu Baba Dogo, aliisoma Jumatatu akimfungia mteja nusu kilo. Ndugu zake wawili walikufa kwa presha kabla ya kufika hamsini, na yeye ana arobaini na minane. Jioni hiyo akaapa kwamba nyama haitaingia tena mdomoni mwake.

Ochola, tunayemwita Redio, akatangaza mtaa mzima. Kufikia Alhamisi hakukuwa na mteja hata mmoja. Mguu wa ng'ombe ulikuwa kwenye ndoano tangu juzi, na friji hakuna.

"Redio, umenimaliza," Phares alisema, akifukuza nzi. "Uliwaambia nini?"

"Si nilisema tu hauli nyama? Uongo? Hizo zingine watu waliongeza."

"Zipi?"

Mulwa, mchonga vinyago, aliyeketi nami kwenye benchi nje ya bucha, hakuinua macho kutoka kwa twiga aliyekuwa akimpiga msasa. "Wengine wanasema unauza punda. Huko Njiru uvumi umeshafika fisi."

"Fisi! Nimkimbize na haya magoti?"

"Na hiyo mboga," Redio akauliza, "mwili unasikiaje?"

"Jumanne asubuhi nilisikia mwepesi. Jioni mwepesi zaidi. Jana nilipanda ngazi nikashika ukuta."

"Karibu, buda! Mimi hukula sukuma wiki kutoka tarehe tano mpaka mwisho wa mwezi, na hakuna mzungu amewahi kuniandika kwa gazeti."

Tukacheka. Phares hakucheka. Alikuwa akitazama ule mguu.

"Sikia," Redio akasema. "Choma kilo mbili, tukule hapa nje. Watu wakiona hatujakufa, watarudi."

Nyama ikachomwa, ikakatwa, ikawekwa juu ya ubao.

"Ngumbaru, omba," Mulwa akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu jioni nasoma shule ya watu wazima. Nikafumba macho. Nikaombea biashara ya Phares, nikaombea mtaa. Nilipofika kwa wagonjwa nikasikia mfupa ukivunjwa. Niliposema amina, kulikuwa na chumvi na kipande kimoja.

Hapo akatokea Nthoki, mama yake Nthenya, jirani wa Phares, ameshika kikapu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Hawa? Hawa wanaweza kula hata hiyo benchi. Baba Teresiah, kula wewe," akamwambia Phares.

"Kipande kimoja tu, mzee," Redio akanong'ona. "Mungu hawezi kuandika kipande kimoja."

Phares akakichukua. Mkono ulifika karibu na mdomo, ukasimama. Akakirudisha kwenye ubao.

"Mama Nthenya, nyama ni safi, muhuri wa serikali huu hapa. Lakini nimezika ndugu wawili. Mimi sili."

"Basi wewe unakula nini?"

Akafunua sufuria kubwa ya chakula chake cha mchana, ya kumtosha hadi Jumamosi. Ilikuwa githeri ya mkewe Jecinta, mahindi na maharagwe, mvuke bado unatoka.

Nthoki akainama, akanusa. "Kitu chenye mwenye bucha mwenyewe anaamini ni hiki? Nipimie."

"Githeri?"

"Kilo moja."

Akapimiwa kwenye mizani ya nyama. Nyuma yake wakaja wanawake wawili, halafu watano. Kufikia saa nane sufuria ilikuwa imekwanguliwa, na walioikosa walimwagiza apike mbili kesho.

"Na mguu?" Mulwa akauliza.

"Nitaupeleka Eastleigh. Huko hakuna anayejua nakula nini." Phares akajifuta jasho. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Akatazama ndani ya sufuria, kisha akatazama kipande kilichobaki kwenye ubao. Redio alikuwa ameshanyoosha mkono. Phares akaupiga kofi.

"Wakisikia nimekula nyama, nani atanunua githeri yangu?" akasema kwa sauti ya chini. "Geukeni mtazame barabara."

Tukageuka wote watatu. Barabara ilikuwa tupu, lakini tuliitazama kwa bidii mpaka alipomaliza kutafuna.