Pikapu Iliyotoka Kwenye Theluji

Jumapili, 11 Januari 2026. Riyadh.
Baba, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, amenituma kutoka Jeddah nimchagulie pikapu ya zamani. Mwaka huu atabaki na dereva mmoja: mimi au Laban. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inaisha mwezi huu. Yadi ya magari ina mbili. Moja ya shambani, imebonyea kila mahali, rangi imeliwa na jua. Nyingine imetoka Kanada, inang'aa! Laban amenipigia simu kunisihi nichukue ya shambani, eti gari la jangwani halishiki kutu. Wivu mtupu. Friji huhifadhi nyama. Theluji itashindwaje kuhifadhi chuma? Nimechukua ya Kanada.

Jumatatu, 12 Januari.
Safari ya Jeddah. Karibu na Taif kitu kimeanguka nyuma. Sikusimama.

Jumanne, 13 Januari. Jeddah.
Samuel, fundi Mkenya wa hapa Bani Malik, ameingia chini ya gari akatoka na vumbi la kutu kichwani. Kisha akaniuliza kama sikujua kwamba kule Kanada humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi! Barabarani! Chasisi imeoza, kidole chake kimetokea upande wa pili. Ameniambia nimweleze Baba ukweli leo leo, huenda yadi ikaipokea tena. Nimerudi chumbani nikalala na viatu. Rosebellah, mke wangu, ameshatangaza kanisani kwamba nitabaki. Naogopa sana.

Jumatano, 14 Januari.
Nimepata dawa! Nimeziba matundu kwa magazeti na gundi, nikapulizia rangi nyeusi. Chini kunang'aa kuliko juu. Baba hajui lolote.

Alhamisi, 15 Januari.
Ukaguzi wa gari, Baba akiwepo. Mkaguzi hakujali rangi. Alichukua nyundo, akagonga mara moja. Gazeti likachungulia, ukurasa wa michezo. Baba aliinama akasoma habari yote, kisha akasema halas, basi, imekwisha. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Laban anabaki. Mimi narudi nyumbani.

Jumamosi, 17 Januari. Uwanja wa ndege.
Laban amenibebea sanduku bila kunicheka. Afadhali angecheka. Evans, shemeji yangu wa Eldoret, amepiga simu: amepata pikapu ya kutuanzishia maisha, ya zamani, imetoka kaskazini mwa Japani. Nikamwuliza upesi kama huko kuna theluji. Ipo tele. Nikamwamuru ainame achungulie chini. Sasa mimi ni mtaalamu. Amesema kumepakwa rangi nyeusi mpya, kunang'aa hata anajiona uso.

Moyo umetulia. Huyo mwenye gari anajua kutunza. Nimemwambia aichukue.