Kuku Wangu Analalia Mayai Thelathini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Binti yangu Ida anaandika, mimi nasema. Shule sikwenda. Nilichunga mbuzi Namtumbo, nao hawakunifundisha kusoma.

Basi. Wanawake wa jumuiya nimewachukulia mayai thelathini, nikawaambia kuku wangu mweusi atayalalia yote. Leo siku ya kumi na mbili. Kuku gani! Ni sanduku lenye taa, kalitengeneza mkwe wangu Remmy, fundi redio, mume wa Ida huyu huyu. Liko chumbani kwangu, na mlango una kufuli. Vifaranga wasipotoka, wanawake wataninyang'anya mwiko mkubwa wa sherehe ya parokia, yaani usimamizi wa mapishi, wampe Mama Leonce jirani, na yule hata maharage anaunguza. Hilo andika, Ida.

Tatizo feni ya sanduku. Inanguruma. Mama Leonce kapita dirishani kauliza nani anakoroma mchana. Nimemwambia kuku ana mafua, si unaona baridi ya Juni.

Jumatano, 11 Juni

Remmy anasema ndani ya sanduku kuna chipu ndogo kama ukucha. Ili feni isikimbie sana, chipu inaiwasha na kuizima mara hamsini kwa sekunde, ndiyo maana inanguruma. Ikifanya mara elfu ishirini, sikio la mtu halisikii tena. Nikasema fanya.

Ila chumbani kwa mama mkwe hakuingiliki. Hata nyumba ikiungua, mkwe anamwaga maji akiwa nje. Marehemu mume wangu alikufa hajui kitanda cha mama yangu kilikaa upande gani. Basi Remmy kakaa uani na kompyuta, waya kapitisha dirishani, nikachomeka mimi. Kabonyeza. Feni kimya!

Furaha ya saa moja. Mota ndogo inayogeuza trei ya mayai imegoma. Remmy kasema feni na mota zinafuata saa ile ile humo kwenye chipu, inayohesabu hizo mara, na mota inataka hamsini tu. Nilimwelewa upesi. Marehemu alikuwa na wake wawili na redio moja. Mimi nataka kwaya, mwenzangu anataka mpira.

Alhamisi, 12 Juni

Dawa yake feni ihamie saa nyingine ya chipu. Chomoa waya wake, chomeka tundu la pembeni. Ida alitaka aingie yeye. Nikakataa, siri yangu, mikono yangu. Remmy kauliza kutoka dirishani kama waya wa njano nimeuona. Nikasema nimeuona. Miwani sikuwa nayo.

Taa inayopasha mayai joto ikazimika. Nikamwambia mambo safi, nikidhani inapumzika. Baadaye nashika yai, baridi kama jiwe la mtoni. Nikakiri nimechomoa waya usio wa feni. Remmy kashika kichwa.

"Mama, yakikaa hivyo nusu saa nyingine, hatuna vifaranga."

Nikawaza. Chumba kinakuwa cha kulala kwa sababu ya kitanda. Kitanda kikitoka, hiyo ni stoo. Mimi na Ida tukaburuta kitanda, godoro, mto, na blanketi langu la Tunduru mpaka uani. Nikamkaribisha mkwe stoo. Kaingia anatazama sakafu, kachomeka taa, kahamisha feni, katoka. Dakika tatu. Mama Leonce kauliza juu ya ua kitanda kimefanya nini. Nikamwambia kunguni.

Jumatano, 18 Juni

Tangu alfajiri, pii, pii. Vifaranga ishirini na sita! Nilipiga magoti hapo hapo. Mwili mwepesi, kama nimetua mzigo wa kuni. Mwiko wangu, haugusi mtu.

Mama Leonce kaja, kawahesabu mara mbili, kanivuta pembeni.

"Mama Ida, huyo kuku wako mweusi yuko kwangu tangu mwezi uliopita, analala na jogoo wangu. Sasa mimi nina mayai ishirini ya bata. Mwambie ayalalie na hayo, na mimi nitanyamaza."

Nikamwambia kuku hana neno.

Ijumaa, 20 Juni

Ida na Remmy wamenikalisha. Mama, waambie watu ukweli, sanduku likae kwa fundi. Nimekubali. Nimeapa.

Jioni, jumuiyani, wanawake wakamsifu kuku, na mimi ni mtu, sifa zinanilegeza. Nikasema alikuwa anajizuia tu, sitini anaweza. Wote wakaenda kuleta mayai. Sasa Remmy anatengeneza sanduku la pili. Kauliza kwa upole hili nalo litakaa wapi. Nimemwambia chumbani kwangu, kitanda kimesharudi, pana joto.