Kiti cha Mwajiri Asiyeonekana

Kwa furaha isiyo na kifani, na baada ya vikao visivyo na idadi, Wizara ya Kazi iliwatangazia wakazi wote wa La Paz, na wa mji jirani wa El Alto pia maana nao ni wananchi, kuzinduliwa kwa Kurugenzi ya Waajiri Wasioonekana. Tatizo la mabosi wasiojulikana walipo, lilisema tangazo, sasa limepatiwa ofisi. Ufumbuzi ungefuata baadaye, bajeti ikiruhusu.

Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Don Gróver Iturralde, mtu wa suti ya kijivu na kifua mbele, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kufanya kosa, kwa kuwa hakuwahi kufanya uamuzi. Asubuhi ya uzinduzi aliamka roho juu. Waziri mwenyewe alikuwa anakuja kuibariki ofisi, na Gróver alitaka amkute keshamaliza shauri moja, hata liwe dogo. Cheo cha naibu katibu kilikuwa wazi, na alikitamani mpaka usingizini.

Shauri likapatikana. Liliingia likitanguliwa na mimba ya miezi saba.

Jhoselin Ticona alikuwa analipwa kwa kuomba radhi. Kampuni moja ya vitanda ya Denmark iliuza vitanda bara zima, vitanda vikavunjika bara zima, na yeye, akiwa mezani kwake mtaa wa Sopocachi, aliwajibu wateja kwa Kihispania kitamu hadi mtu aliyeangukia mgongo anamshukuru. Kampuni hiyo haikuwa na ofisi Bolivia, wala mlango, wala hata kibao. Ilitaka wafanyakazi bila usumbufu wa kuwepo. Kwa hiyo ikaenda kwa Mikono ya Kuazima, kampuni ya hapo hapo mjini inayoajiri watu kwa niaba ya wengine. Mikono ya Kuazima ikamsainisha Jhoselin mkataba, ikawa inampa mshahara unaotoka ng'ambo, na haikuwahi kujua anafanya kazi gani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mimba ilipoonekana kwenye skrini ya kompyuta. Kijana mmoja wa Denmark akamwambia, huku akitabasamu vizuri kabisa, kwamba kazi imeisha lakini wao wataendelea kuwa familia.

Sasa sheria ya Bolivia haina mchezo hapo. Mwenye mimba hafukuzwi mpaka mtoto atimize mwaka, na kila mwezi mwajiri anatoa kasha la maziwa, jibini na siagi. Jhoselin hakuomba kingine. Alitaka kazi yake na kasha lake, basi. Kilichokosekana ni mwajiri.

Chumbani mlikuwa na kiti kikubwa cha ngozi kando ya dirisha, palipopiga jua, na juu yake kibao: MWAJIRI. Kilikuwa kitupu. Wengine wote walikaa kwenye mabenchi upande wa kivuli, na ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya La Paz inaingia hadi kwenye mifupa.

"Mwajiri wa huyu binti ni nani?" Gróver akauliza.

Wakili wa Mikono ya Kuazima, Remberto Ugarte, mwenye viatu vya kung'aa na sauti ya asali, akasimama. "Ni mteja wangu, Mheshimiwa. Ila si bosi."

"Bosi ni nani?"

"Wale wa Denmark."

"Basi wao ndio waajiri."

"La hasha! Wao ni mabosi tu. Hawajaajiri mtu hapa. Wangeajiri, wangekuwepo."

"Kwa nini basi nyinyi hammpi maziwa yake?"

"Maziwa ya kazi ipi, Mheshimiwa? Sisi hatujampa kazi hata siku moja. Tutamfukuzaje mtu tusiyemtuma?"

"Makubwa haya!" Jhoselin akadakia. "Mnanipiga danadana mpaka lini? Denmark wananiambia niwaulize nyie, nyie mnaniambia niwaulize Denmark. Huyu mtoto akizaliwa nimwambie anyonye mkataba?"

Karani, Mama Filomena, akaficha kicheko kwenye sweta, akaendelea kuandika. Alikuwa mama mtu mzima, ameandika kumbukumbu za Wizara chini ya mawaziri wengi hadi akaacha kushika majina yao.

Gróver alitazama saa, na kwa mara ya kwanza maishani akaamua jambo. "Kurugenzi hii inatamka hivi," akanguruma. "Mwajiri ni yule anayekalia kiti cha bosi, akaagiza kazi, na kazi ikafanyika. Karatasi ni karatasi tu! Filomena, andika."

Filomena akaandika. Waandishi wa habari wawili, waliokuja mapema kwa ajili ya vitafunio vya Waziri, nao wakaandika. Wakili alikubali upesi mno, maana mteja wake hakuwa amekalia kiti chochote.

Zikaletwa salteña za moto, zile sambusa za kuoka zenye mchuzi ndani, shauri likasimama. Hakuna shauri La Paz linaloishinda salteña. Gróver, vidole vya miguu vimekufa ganzi, akakiona kile kiti kinavyoota jua bure. Akakaa. Dakika moja tu, alijiambia.

Hajamaliza kutafuna, simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya Waziri. Waziri alikuwa amenuna. Kwenye kadi ya mwaliko jina lake liliwekwa chini ya jina la mpiga tarumbeta.

"Nimekwisha!" Gróver akasema. "Binti, wewe si bingwa wa kuomba radhi? Hebu niandikie barua, haraka!"

Jhoselin akaandika barua tamu hadi Gróver nusura ajisamehe mwenyewe.

"Ongeza unyenyekevu hapo katikati."

Akaongeza. Barua ikapigwa picha, ikatumwa.

"Safi sana! Na usiende mbali, leo tutakuwa na nyingi."

Wakili akafuta mchuzi kidevuni, akainuka taratibu. "Hongera, Mheshimiwa. Mwajiri amepatikana."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwenye kiti."

Gróver akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Kakalia, kaagiza, kazi imefanyika," Filomena akasoma. "Mara mbili, tukihesabu na unyenyekevu."

"Nilikuwa naota jua tu jamani!"

"Jibini lisiwe la juzi, bosi," Jhoselin akasema.

Gróver aliogopa kweli. Si sheria iliyomtisha. Aliwaza atamwelezaje mkewe kwamba kuanzia mwezi huu ananunua maziwa ya mtoto wa binti wa Sopocachi.

Hapo tarumbeta ikalia mlangoni na Waziri akaingia, nyuma yake kina mama wenye bia, tepe za karatasi na vikapu vya chembe za karatasi za rangi. Ofisi mpya haianzi kazi kabla ya Mama Ardhi kunyunyiziwa kinywaji chake, na mwenye ofisi sharti avishwe tepe shingoni na kumwagiwa chembe hizo kichwani, akiwa amekaa mahali pake. Waziri akaona nani amekaa.

"Mwenye ofisi humu ni nani?" akauliza, uso umekunjamana.

Gróver aliruka kama aliyekalia siafu. "Wewe, Mheshimiwa! Kiti ni chako, na kila kinachoambatana nacho!"

Akaenda zake benchini upande wa kivuli. Hajawahi kufurahia baridi namna ile.

Waziri akaketi, akavishwa tepe, kamera zikamulika. "Kuanzia mfagiaji hadi mkurugenzi," akatangaza, "Wizara hii ina bosi mmoja tu! Na ile barua nzuri kaandika nani? Wewe? Hebu niandikie na mimi moja ya kwenda bungeni."

"Tayari, bosi," Jhoselin akasema, na kweli ilikuwa tayari.

Wakili akamweleza Waziri, kwa heshima zote, lile tamko la kiti na kwamba sasa mwajiri ni yeye. Waziri akaziangalia kamera, akacheka kwa nguvu. "Kasha la maziwa? Wizara nzima ishindwe na kasha la maziwa? Apewe! Na kazi anayo!" Watu wakapiga makofi. Jhoselin akashika tumbo lake, akalia mbele za watu bila kujificha.

Waziri alivimba kichwa. "Mama," akamwambia Filomena, "niletee chai ya majani ya koka."

Filomena akaleta, akamwekea mbele yake. Kisha hakurudi kwenye meza yake.

"Na mimi je, Mheshimiwa?"

"Wewe si mtumishi wa Wizara?"

"Hata kidogo. Mimi ni wa Mikono ya Kuazima. Wizara ilisema haiwezi kuniajiri, basi ikaniazima. Hata likizo sijui inafananaje. Nikiwauliza wao, wananiambia niwaulize nyie."

Wakili akaangalia dari.

"Na mlinzi hivyo hivyo," Filomena akaendelea, "na wafagiaji, na wapika chai, na huyo mwenye tarumbeta. Denmark ni mbali, Mheshimiwa. Wewe uko ghorofa ya juu yetu tu."

Tarumbeta ilikuwa imenyamaza. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye ujia walijaa watu wenye mifagio, birika na funguo, wote wametulia wanasikiliza. Waziri akashika mikono ya kiti ili ainuke. Filomena akachota chembe za rangi kwa viganja viwili, akammwagia kichwani polepole.

"Kaa tu, bosi," akamwambia. "Tuko wengi."